Uyoga wa kichuguu ni wa familia gani? Jibu kwa mwalimu wa Muheza

Swali: "Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari hapa Muheza, mkoani Tanga. Kila mvua za masika zinapoanza, wanafunzi wangu huleta darasani uyoga wa kichuguu wa namna mbili: mmoja mkubwa, wenye kofia pana na mzizi mrefu unaozama ardhini, na mwingine mdogo mno, unaotapakaa kwa mamia juu ya udongo bila mzizi wowote. Wazee wa hapa wanasema wote ni uyoga wa mchwa. Kitabu kimoja nilicho nacho kinauweka katika familia ya Amanitaceae, kingine katika Tricholomataceae, na cha tatu katika Lyophyllaceae. Je, hawa ni jamaa wa ukoo mmoja, au ni viumbe tofauti vinavyokaa mahali pamoja tu? Na niwafundishe wanafunzi familia ipi?"

Jibu: Mwalimu, wafundishe Lyophyllaceae, na uwaambie kwamba wazee wao wamesema kweli, kwani ule mkubwa na ule mdogo ni wa jenasi moja, nayo ni Termitomyces. Vitabu vyako viwili vya mwanzo havikuandikwa kwa uzembe. Waandishi wake walikuwa na sababu nzuri za kuuweka uyoga huu walikouweka, na ningependa wanafunzi wazifahamu sababu hizo, kwa kuwa zinaonyesha namna uainishaji unavyofanyika kuliko orodha ya majina ya kukariri inavyoweza kuonyesha.

Ngazi nzima, kama inavyokubalika leo, ni hii. Himaya ni ya kuvu, ambazo si mimea na kwa nasaba ziko karibu zaidi na wanyama kuliko na mimea. Faila ni Basidiomycota, yaani kuvu zinazozaa spora, zile chembe ndogo za uzazi, juu ya seli maalumu zenye umbo la rungu. Ngeli ni Agaricomycetes, na oda ni Agaricales, ambamo umo uyoga mwingi wenye kofia na matamvua, zile bapa nyembamba zilizopangwa chini ya kofia. Familia ni Lyophyllaceae, na jenasi ni Termitomyces. Chini ya jenasi hiyo kuna spishi kati ya thelathini na arobaini hivi, kutegemea nani anayehesabu, na zote ni za Afrika kusini mwa Sahara na za Asia ya kitropiki. Amerika haina hata moja, na sababu yake ni kwamba kuvu hizi haziishi bila mchwa wanaozilima, na mchwa hao hawako huko.

Ili mambo mengine yaeleweke ni lazima tuingie kwanza ndani ya kichuguu, kwa sababu uyoga tunaouchuma ni sehemu ndogo tu ya maisha ya kiumbe huyu. Mchwa wa nusufamilia ya Macrotermitinae, ambao ni takriban spishi 330 katika jenasi 11, huleta nyumbani vipande vya kuni, majani makavu na nyasi, huvila, huvipitisha tumboni upesi, kisha hutoa kinyesi ambacho bado kimejaa mabaki ya mmea pamoja na spora za kuvu. Kinyesi hicho hukijenga kuwa masega laini yenye mikunjo, ndani ya vyumba vilivyo chini ya ardhi. Nyuzi za kuvu hutanda katika sega lote, huvunja lignini na selulosi, yaani vitu vigumu vinavyojenga mbao na nyasi, na baada ya muda hutoa vidonge vyeupe vya mviringo, vyenye upana wa milimita moja au mbili, ambavyo mchwa huvila kwa pupa. Spora zilizomo ndani ya vidonge hivyo hazimeng'enywi. Hupita tumboni zikiwa hai na kutoka na kinyesi kipya, na kwa njia hiyo sega jipya hupandwa mbegu papo hapo linapojengwa. Sega kuukuu nalo huliwa, likiwa limeshalainishwa na kuongezewa rutuba. Mchwa hupata chakula wasichoweza kukitengeneza peke yao, nayo kuvu hupata nyumba yenye joto la wastani, unyevu wa kutosha na ulinzi dhidi ya kuvu nyingine. Uyoga wenyewe, ule wenye kofia, huja baadaye kabisa, kwa kawaida wakati wa mvua, nao ndio njia ya kuvu ya kutoka nje na kusambaza spora zake kwa upepo.

Mzizi mrefu ambao wanafunzi wako wanauona unatokana na hali hiyo. Si mzizi kwa maana ya mmea, bali ni shina la uyoga lililorefuka kutoka kwenye sega hadi juu, na urefu wake hufuata kina cha chumba. Sega likiwa karibu na uso wa ardhi, mzizi huwa mfupi. Likiwa chini sana, unaweza kuzidi urefu wa mkono. Kofia nayo, inapokuwa bado changa na imefumbana, ina ncha ngumu katikati inayopasua udongo mzito, na hata kofia ikishafunguka ncha hiyo hubaki ikionekana kama chuchu ya rangi iliyokolea. Alama hizi mbili, ncha ya katikati na mzizi unaoishia kwenye sega, ndizo zilizowafanya wataalamu hatimaye waone kwamba wana kundi moja mbele yao. Lakini ilichukua muda mrefu.

Mwingereza Henry Smeathman aliandika habari za mchwa wa Afrika mwaka 1781, akataja vyumba vyenye kuvu ndani ya vichuguu. Uyoga wenyewe ulianza kupewa majina ya kisayansi katika karne ya 19, na si kutoka Afrika bali kutoka Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo. Kasisi Miles Joseph Berkeley aliueleza uyoga mkubwa wenye mzizi mwaka 1847 akauita Agaricus eurrhizus, na mwaka 1871, akiwa pamoja na mwenzake Broome, akaueleza ule mdogo kwa jina la Agaricus microcarpus. Majina hayo yasikudanganye, Mwalimu. Wakati huo jina Agaricus lilibeba karibu kila uyoga wenye matamvua duniani, kwa hiyo kuwekwa pamoja humo hakukumaanisha kwamba Berkeley alikuwa ameuona ukoo wao.

Kapu hilo kubwa lilipoanza kugawanywa, uyoga wa kichuguu ulitawanyika. Spishi zenye pete shinani, yaani utando unaozunguka shina, zilipelekwa katika jenasi Lepiota: ndivyo Mfaransa Patouillard alivyofanya mwaka 1916 alipoiita spishi moja kubwa ya Afrika ya kati Lepiota le-testui. Nyingine zilikwenda Collybia, nyingine Schulzeria. Hata vile vidonge vyeupe vya ndani ya sega vilipewa jina lake peke yake, Aegerita duthiei, kana kwamba ni kiumbe kingine, kwa sababu desturi ya wakati ule iliruhusu kuvu moja iwe na jina la hali yake ya uyoga na jina jingine la hali yake isiyo na uyoga. Desturi hiyo ilifutwa rasmi kwa uamuzi wa mkutano wa kimataifa wa Melbourne wa mwaka 2011, na leo kuvu moja inastahili jina moja tu.

Aliyewakusanya jamaa hawa ni Roger Heim, mtaalamu wa kuvu wa Paris. Mwaka 1942 aliunda jenasi Termitomyces, akaweka humo uyoga wote uliotoka kwenye masega ya mchwa wenye ile ncha ya kutobolea udongo. Ninamheshimu sana Heim kwa hatua hiyo, kwa kuwa aliangalia maisha yote ya kiumbe, na sega, na mzizi, na mchwa wenyewe, wakati wengi wa wenzake walitazama kofia iliyokaushwa ndani ya bahasha tu.

Jenasi ikapatikana, familia ikabaki na ubishi, na ubishi huo ndio uliofika hadi kwenye rafu yako ya vitabu. Tangu siku za Elias Fries wa Sweden, mwanzoni mwa karne ya 19, alama kuu ya kupanga uyoga wenye matamvua ilikuwa rangi ya spora zikirundikana pamoja. Spora za Termitomyces zina rangi ya waridi iliyofifia au maziwa yenye wekundu kidogo. Kwa aliyeamini rangi, hilo lilimpeleka kwenye familia ya Pluteaceae, yenye spora za waridi. Mwingine aliona kwamba matamvua hayagusi shina, kwamba baadhi ya spishi zina pete, kwamba umbo zima linafanana na la jenasi Amanita, akaiweka katika Amanitaceae. Wa tatu alichunguza seli kwa hadubini, hakuona alama zinazoitambulisha Amanita, akaiweka katika Tricholomataceae, familia ambayo kwa miaka mingi ilipokea kila uyoga wa spora nyeupe au za rangi hafifu uliokosa mahali pengine pa kwenda. Na wapo waliochoka na mabishano wakaiundia familia yake yenyewe.

Ukitazama vizuri utaona kwamba kila mmoja wao alikuwa sahihi kuhusu alama aliyoiona. Spora ni za waridi kweli, na matamvua yako huru kweli. Tatizo ni kwamba rangi ya spora, pete na matamvua huru ni mambo yanayoweza kujitokeza zaidi ya mara moja katika koo mbalimbali zisizohusiana kwa karibu, na vilevile yanaweza kupotea. Kufanana kwa sura ni ushahidi wa undugu pale tu tunapoweza kuonyesha kwamba kufanana huko kumerithiwa kutoka kwa babu mmoja. Kwa hadubini na kisu peke yake, jambo hilo halikuweza kuamuliwa kwa uyoga huu.

Liliamuliwa na vinasaba. Kazi ya Moncalvo na wenzake ya mwaka 2002 ililinganisha mfuatano wa vinasaba wa uyoga mwingi wenye matamvua kutoka duniani kote na kutambua koo 117 ndani yake. Mwaka huohuo Hofstetter na wenzake waliichunguza kwa karibu jamii ya Lyophyllum, na Aanen na wenzake wakachunguza mchwa na kuvu zao kwa pamoja. Matokeo yalielekea upande mmoja: Termitomyces ni tawi ndani ya Lyophyllaceae, na spishi zake zote zinashuka kutoka kwa babu mmoja. Katika familia hiyo umo Lyophyllum wenyewe. Umo Calocybe, ambao spishi yake moja, Calocybe indica, hulimwa na wakulima wa uyoga huko India. Na umo Asterophora, uyoga wa ajabu unaoota juu ya uyoga mwingine unaooza. Kwa muda mrefu wataalamu waliitambua familia hii kwa chembechembe zilizomo ndani ya seli zinazozaa spora, ambazo hugeuka zambarau iliyokolea au nyeusi zikitiwa rangi ya asetokamini yenye chuma. Hakuna mtu ambaye angeitambua familia hiyo kwa kuangalia kofia akiwa amesimama shambani.

Sasa nifike kwenye sehemu ya swali lako ninayoipenda zaidi, ule uyoga mdogo. Kama alama ya jenasi ni mzizi na ncha ya kutobolea, uyoga usio na mzizi unaingiaje humo? Rolf Singer, mtaalamu mwingine wa kuvu, alilijibu swali hili kwa kuutenga: mwaka 1945 aliunda jenasi Podabrella, akauweka humo. Uamuzi wake ulikuwa na mantiki kwa macho. Kofia ya uyoga huu haizidi sana sentimita mbili, huota kwa mamia katika eneo dogo, na ukiung'oa unatoka mzima na udongo kidogo tu, wakati jamaa zake wakubwa unawachimba na bado mzizi unakatikia chini.

Lakini tazama unavyoota. Baada ya mvua, mchwa, hasa wa jenasi Odontotermes, hubeba vipande vya sega kutoka vyumbani na kuvitandaza juu ya ardhi. Vipande hivyo ni vidogo na mara nyingi hufanana na udongo wenyewe, kwa hiyo wanafunzi huvipita bila kuviona. Uyoga huota kutoka kwenye vipande hivyo vilivyotolewa nje. Hauna haja ya mzizi kwa sababu hauna safari ya kufanya, na ncha yake ni ndogo kwa sababu hakuna udongo mzito wa kupasua. Mwaka 2003 Frøslev na wenzake walichapisha uchunguzi wa vinasaba uliolenga hasa jenasi hizi, wakaonyesha kwamba Podabrella haisimami kando ya Termitomyces bali imo ndani yake, katikati ya matawi ya spishi zenye mizizi. Ni sawa na nyoka, ambaye hana miguu lakini nasaba yake inamweka ndani ya ukoo wa mijusi: kukosa miguu kunatueleza jinsi anavyoishi, si alikotoka. Jina sahihi la uyoga wako mdogo kwa hiyo ni Termitomyces microcarpus. Jenasi nyingine iliyoundwa huko China kwa jina la Sinotermitomyces nayo imeingizwa humo humo.

Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi ukubwa usivyo kipimo cha undugu, waambie kwamba mwaka 1980 Pegler na Piearce walieleza spishi ya Zambia, Termitomyces titanicus, ambayo kofia yake inaweza kufikia upana wa mita moja. Huyo na microcarpus wa sentimita mbili ni wa jenasi moja.

Uliuliza pia kama huenda ni viumbe tofauti vinavyokaa mahali pamoja. Kwa uyoga wako hawa wawili, sivyo. Lakini kiumbe wa namna hiyo yupo, na ninakuomba mmtafute, kwa kuwa atakuwa somo zuri sana darasani. Chukueni sega lililoachwa na mchwa, au lichukueni sega na kuliweka kwenye chombo chenye unyevu bila mchwa hata mmoja. Baada ya siku chache vitachomoza vijiti vyembamba vigumu, vyeupe kwenye ncha na vyeusi chini, visivyo na kofia wala matamvua. Hiyo ni Xylaria, na haina undugu wa karibu na Termitomyces hata kidogo. Iko katika faila nyingine, Ascomycota, ambayo spora zake huzaliwa ndani ya vifuko na si juu ya rungu. Ndani ya kichuguu kilicho hai, Xylaria hubaki imejificha. Mchwa wakiondoka, hujitokeza na kulitwaa sega lote. Hapo ndipo wanafunzi watakapoona kwa macho tofauti ya kukaa pamoja na kuwa ndugu.

Kuhusu umri wa ukoo huu, sisi Watanzania tuna jambo la kujivunia. Ulinganisho wa vinasaba ulikuwa umeonyesha kwamba kilimo cha mchwa kilianza mara moja tu, katika misitu ya mvua ya Afrika, takriban miaka milioni 30 iliyopita, na kwamba hakuna ukoo wowote wa mchwa hao uliowahi kukiacha. Mwaka 2016 Roberts na wenzake wakachapisha habari za visukuku vya viota vya mchwa kutoka Bonde la Ufa la Rukwa, kusini-magharibi mwa nchi yetu, vikiwa bado na masega ya kuvu ndani yake, ndani ya miamba yenye umri wa takriban miaka milioni 25. Ushahidi wa ardhi na ushahidi wa vinasaba, uliopatikana kwa njia zisizotegemeana, ulikutana karibu mahali pamoja. Na utafiti wa Van de Peppel na wenzake wa mwaka 2021 uliangalia jamaa wa karibu wasiolimwa na mchwa, kama vile Arthromyces na Blastosporella wa Amerika ya Kati na ya Kusini, ukaonyesha kwamba tayari wana tabia zinazofanana na za Termitomyces, ikiwamo kuzaa spora bila jinsia na kuhusiana na kinyesi cha wadudu. Inaelekea babu wa ukoo huu alikuwa karibu na wadudu kabla mchwa hawajaanza kumlima.

Mpaka hapa nimezungumza kwa uhakika, kwa sababu familia na jenasi zimethibitika. Katika ngazi ya spishi hali si hiyo, na mwalimu anayefundisha kwenye ardhi yenye vichuguu vingi kama Muheza, Korogwe na Handeni anapaswa kujua udhaifu ulipo.

Udhaifu wa kwanza ni majina ya mbali. Eurrhizus na microcarpus ni majina yaliyotolewa kwa uyoga wa Sri Lanka, na yamekuwa yakitumiwa kwa uyoga wa Afrika kwa sababu unafanana nao. Kufanana kwa sura, kama tulivyoona, ni ushahidi dhaifu. Mtu anapouita uyoga wa Tanga Termitomyces eurrhizus, anachosema kwa hakika ni kwamba unafanana na ule wa Ceylon wa mwaka 1847.

Udhaifu wa pili ni kwamba vinasaba na uyoga vinahesabiwa katika vitabu viwili tofauti. Mtafiti anaweza kukata kipande cha sega, akasoma vinasaba vyake na kujua kwamba kichuguu kile kina ukoo fulani wa Termitomyces, bila kuona uyoga wowote. Tena kila koloni moja huwa na aina moja tu ya kuvu, jambo linalorahisisha kazi hiyo. Koo nyingi zimejulikana kwa njia hii. Lakini majina ya Kilatini yametolewa kwa uyoga, kwa kofia na mashina yaliyokaushwa, na sampuli nyingi za zamani ni vigumu kuzisoma vinasaba vyake. Matokeo yake ni koo zisizo na majina upande mmoja, na majina yasiyo na koo upande wa pili. Yapo hata makundi ambayo kuvu yake haina haja kubwa ya uyoga. Katika spishi nyingi za mchwa, koloni jipya hupata kuvu yake kutokana na spora za uyoga zinazookotwa na wafanyakazi wa kwanza wanapotoka kutafuta chakula. Lakini katika mchwa wa jenasi Microtermes, malkia huondoka na kuvu tumboni mwake wakati wa kuruka kwa kumbikumbi, na katika Macrotermes bellicosus anayeibeba ni mfalme. Kuvu inayorithishwa namna hiyo inaweza kuishi kizazi baada ya kizazi bila kuonekana kwa mchumaji yeyote.

Na udhaifu wa tatu ni uchache wa sampuli za kwetu. Mimea ya Usambara Mashariki imekusanywa kwa bidii tangu Wajerumani walipoanzisha kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1902. Uyoga haukupata bahati hiyo, kwa sababu huota kwa siku chache na kuoza haraka, na aliyekuwa safarini kutafuta miti hakuwa na nafasi ya kuusubiri. Kazi kubwa iliyofanyika baadaye nchini, ya Marja Härkönen kutoka Finland akiwa na mwanabotania wetu Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndiyo iliyotupatia Termitomyces singidensis, spishi iliyoelezwa mwaka 1994 na kupewa jina la Singida. Tazama tarehe hiyo: uyoga unaochumwa na watu ulibaki bila jina la kisayansi hadi miaka ya tisini. Ninaamini ukanda wa Tanga, wenye misitu ya milimani, misitu ya pwani na miombo kwa umbali mfupi namna hii, unastahili kukusanywa kwa utaratibu uleule.

Kwa hiyo wanafunzi waandikeje kwenye kibandiko cha sampuli? Jenasi waiandike bila wasiwasi. Kwa spishi, kabla ya jina waweke ufupisho wa Kilatini "cf.", maana yake linganisha na: Termitomyces cf. microcarpus kwa ule mdogo. Kwa ule mkubwa ningengojea niuone kabla ya kuthubutu, kwa kuwa hukunieleza kama una pete shinani. Ukiwa na pete nene na magamba juu ya kofia, mlinganishe na Termitomyces letestui, ambaye ni yuleyule Lepiota wa Patouillard. Ukiwa hauna pete na kofia ni laini ya kahawia, mlinganishe na eurrhizus.

Sampuli yenyewe ichukuliwe hivi. Msiung'oe, chimbeni taratibu kwa jembe dogo mkiufuata mzizi hadi kwenye sega, mkiweza, na mpige picha kila hatua kwa kuweka rula kando. Kateni kofia moja, ilazeni usiku kucha juu ya karatasi, nusu nyeupe na nusu nyeusi, ikiwa imefunikwa kwa bakuli, na asubuhi mtaona rangi ya spora. Ikiwa ni ya kijani, mna Chlorophyllum molybdites mkononi, uyoga mkubwa mweupe wa kwenye nyasi unaotapisha vibaya, nao usiliwe kamwe. Hilo nalisema kwa mkazo, kwa sababu kuota karibu na kichuguu si uthibitisho kwamba uyoga umetoka ndani ya kichuguu. Uthibitisho ni mzizi uliofuatwa hadi kwenye sega. Na uyoga ambao wachumaji wazoefu wa hapo hawautambui ubaki kuwa sampuli ya darasani.

Uyoga uliobaki ukateni vipande virefu, muukaushe kwa hewa yenye joto kidogo na si kwenye moshi wala jua kali, kisha muufunge ndani ya karatasi pamoja na karatasi ya spora. Kipande kimoja kidogo cha kofia, kisichoguswa na udongo, kiwekwe peke yake ndani ya kichupa chenye chembe kavu za silika zinazonyonya unyevu, kwa kuwa hicho ndicho kitakachosomwa vinasaba katika eneo linaloitwa ITS, sehemu fupi ya vinasaba vya kuvu, ambalo tangu mwaka 2012 limekubaliwa kuwa alama ya kawaida ya kutambulishia kuvu. Chukueni pia mchwa kutoka chumba kilekile, askari wakubwa na wadogo na wafanyakazi wachache, muwaweke katika spiriti kali, kwa sababu mtaalamu wa mchwa humtambua mchwa zaidi kwa kichwa na taya za askari. Uyoga na mchwa wapewe namba moja, kisha viandikwe tarehe, kijiji, aina ya ardhi, kina cha sega na jina ambalo wenyeji huuita uyoga huo. Idara ya botania ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hifadhi ya sampuli za mimea na kuvu, na ni mahali pa kwanza ambapo ningewaelekeza mpeleke nakala ya kila mlichokusanya.